Biti ya Kugemea Mepo: Tundu Dogo, Makali ya Kweli

Kati ya zana zote zinazohitajika kugema mti wa mepo (maple), biti ni ya bei nafuu na hufikiriwa mwisho. Watu huulizana kuhusu mirija ya kupachikwa kwenye tundu, ndoo, mipira ya plastiki ya kupitishia utomvu na sufuria za kuchemshia, kisha siku ya kugema ikifika hufungua kisanduku cha zana na kuchukua biti yoyote inayokaribia kipimo. Ninaomba ugeuze utaratibu huo. Ndoo mbovu utaibadilisha mwakani, na shira iliyoungua utaimwaga, lakini tundu utakalotoboa litabaki ndani ya mti ule kwa muda wote utakaosimama. Kwa hiyo anza na biti. Nunua ya inchi 5/16, iliyonolewa kwa ajili ya mti mbichi, itenge kwa kazi hiyo peke yake, na usiizamishe zaidi ya sentimita 5. Yanayofuata ni sababu za ushauri huo, pamoja na majibu kwa wanaoupinga, maana wapo na wana hoja zao.

Mwongozo huu unamfaa anayeishi kule miti hii inakoota: kusini-mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Ontario na Quebec hadi New York, Vermont na Maine. Wasemaji wa Kiswahili huko si wachache siku hizi. Familia kutoka Kongo na Burundi zimeweka makazi Portland, Lewiston na Burlington, na mwenye mepo moja nene nyuma ya nyumba anaweza kugema. Kazi hufanyika majira ya baridi yakielekea mwisho, kwa kawaida kati ya Februari na Aprili, siku ambazo usiku maji huganda na mchana barafu huyeyuka. Baridi ya usiku hugandisha maji ndani ya mti na kuifanya hewa iliyomo kwenye nyuzi zake isinyae, ndipo mti unapovuta maji kutoka mizizini. Jua likipanda, barafu huyeyuka, hewa hutanuka, na msukumo ndani ya shina huzidi ule wa nje. Ukiwa umetoboa tundu, utomvu hutoka wenyewe. Ni mwepesi, hauna rangi, na sukari yake ni asilimia 2 hivi, ndiyo maana huchemshwa lita 40 au zaidi kupata lita moja ya shira. Shika jambo moja hapo: kinachosukuma utomvu ni nguvu iliyomo ndani ya shina zima. Tundu hufungua njia tu, na hoja nyingi potofu kuhusu biti hutokana na kulisahau hilo.

Mgema wa mnazi kule Pwani hukata karara kwa kotama, kipande chembamba asubuhi na kingine jioni, na kila mkato hufungua jeraha jipya ili tembo liendelee kudondoka. Karara likiisha, mnazi hutoa jingine. Mepo haina karara la kutoa. Inatobolewa kwenye shina lenyewe, mara moja kwa msimu, na shina halina la akiba. Alex Shigo, mtaalamu wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa injini ili kuona kilichomo, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama mwili unavyopona. Sehemu iliyojeruhiwa haifanywi upya. Mti huizungushia ukuta wa kemikali, huitenga, kisha hukuza tabaka jipya juu yake. Ukipasua shina la mepo iliyogemwa utaona alama ya kahawia ikipanda na kushuka kutoka kila tundu. Urefu wake unalizidi tundu mara nyingi, lakini upana wake unalizidi kidogo tu. Ubao wa rangi hiyo haupitishi tena maji. Ukitoboa ndani yake mwaka mwingine utapata matone machache, au hutapata kitu.

Sasa piga hesabu. Mti unaoongeza tabaka la milimita 2.5 kila mwaka, ukiwa na tundu lililozama milimita 50 ndani ya ubao, unahitaji miaka 20 ili kuweka mbele ya kovu lile ubao mweupe wa unene huohuo. Tundu la milimita 35 linahitaji miaka 14. Na kwa kuwa unatoboa kila mwaka, shina linajaa makovu upande mmoja huku likikua upande mwingine. Mgemaji wa muda mrefu anashindana na kasi ya ukuaji wa mti. Vitu viwili vinavyoamua kama atashinda ni kipenyo cha biti na kina chake, na vyote viwili viko mikononi mwake kabla hajagusa gome.

Tuanze na kipenyo. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa inchi 7/16, yaani milimita 11 na kidogo. Kuelekea mwisho wa karne ya 20 mirija midogo ya inchi 5/16, karibu milimita 8, ilianza kuenea, na leo ndiyo inayotumiwa na wagemaji wengi. Tofauti ya namba hizo inaonekana ndogo hadi ukokotoe eneo la mdomo wa tundu: lile la zamani lina milimita za mraba 97 hivi, la sasa 49. Ni nusu ya jeraha. Alama ya kahawia nayo hupungua upana, na mdomo wa tundu huzibwa na gome jipya mapema zaidi, jambo linalopunguza muda ambao kuvu na wadudu wana njia ya kuingilia. Pingamizi linalokuja hapo ni la wazi: nusu ya tundu si nusu ya utomvu? Sivyo. Utomvu hausubiri ndani ya tundu uje uuchote. Unasafiri kupitia mishipa myembamba ya ubao, kutoka juu na chini ya tundu, ukisukumwa na nguvu ya shina zima. Kwenye mashamba yanayotumia mipira na pampu ya kuvuta hewa, tofauti ya mavuno kati ya vipimo hivi viwili ni ndogo sana. Kwa anayetumia ndoo, ambako hakuna pampu ya kusaidia, upungufu unaweza kuonekana, na sitauficha. Lakini upungufu huo unaulipa mara moja kwa msimu, wakati kovu pana utalilipa kila msimu kwa miongo miwili.

Ipo pia biti ya inchi 1/4, milimita 6.35, pamoja na mirija yake. Inafaa miti ambayo bado ni myembamba. Kwa ndoo siipendekezi kama chaguo la kwanza, kwa sababu mavuno yake hupungua zaidi na mirija yake haipatikani kila duka. Kosa la kuepuka ni kufidia: mtu huchukua biti ndogo, kisha akajiruhusu kutoboa matundu mawili penye nafasi ya moja. Mti wenye kipenyo cha chini ya sentimita 25 kwenye usawa wa kifua uache ukue, na miongozo mingi ya siku hizi inasema hata 30. Tundu la pili lisifikiriwe kabla mti haujafika sentimita 45 au zaidi.

Wapo watakaokuambia kuwa mababu walitumia biti nene na miti yao ingali imesimama. Hoja hiyo ninaiheshimu, maana inatoka kwa watu waliokaa na miti hiyo maisha yao yote. Na historia ya kugema mepo ni ndefu kuliko biti yenyewe: Waanishinaabe, Wahaudenosaunee na Waabenaki, wenyeji wa maeneo haya, walikuwa wakipata sukari ya mti huu kabla ya Wazungu kufika, kwa kuchanja gome kwa shoka na kuingiza kijiti cha kuongozea maji, na walowezi walijifunza kwao kabla ya kuleta keekee. Lakini miti iliyosimama haiwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya ile iliyokwisha kukatwa. Iliyodumu ilikuwa minene tangu mwanzo, ikigemwa kwa ndoo, kwa matundu machache, bila pampu. Leo mashamba mengi yanagema miti michanga zaidi, kila mwaka, kwa mfumo unaovuta utomvu mwingi zaidi kuliko mababu walivyowahi kupata. Mazingira yakibadilika hivyo, kipimo cha zamani hakiwezi kubaki kwa sababu tu kilitumika zamani.

Kipenyo kikishaamuliwa, linakuja umbo la biti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Biti bapa, ile pana yenye ncha katikati ambayo mafundi hupitishia nyaya kwenye mbao, iache kabisa: inakwangua badala ya kukata, na tundu lake hutoka lenye kingo zilizochanika. Biti ya kawaida ya chuma, inayouzwa kila mahali, itatoboa mepo, lakini makali yake yamenolewa kwa metali. Juu ya gome lenye mikunjo huteleza kabla haijashika, na ndani ya ubao uliolowa mifereji yake hujaa haraka, maranda yakabanwa, biti ikapata joto na kuanza kusaga. Biti ya seremala yenye ncha ndogo katikati na makali ya pembeni ni afadhali: haitelezi, na ukuta wa tundu hutoka laini, ila hakikisha mifereji yake ni mipana. Iliyo bora ni biti iliyotengenezwa mahususi kwa kugema, inayouzwa na maduka ya vifaa vya shira, yenye mifereji mirefu inayozunguka kwa kasi ili kutoa maranda mabichi kwa mkupuo mmoja. Tafuta herufi HSS kwenye shina la biti, alama ya chuma kisicholegea kwa joto. Rangi ya dhahabu inayopakwa juu ya baadhi ya biti ina faida inapotoboa metali. Kwenye mti mbichi usiilipie zaidi.

Kwa nini ukuta laini una maana kiasi hicho? Kwa sababu tundu la mepo haliachi kutoa utomvu kwa kuwa mti umekwisha. Huacha kwa sababu bakteria na hamira huingia, huzaliana kwenye sukari, na kuziba midomo ya mishipa iliyokatwa. Ukuta uliochanika una nyuzi zinazoning'inia na unga uliosagika, yaani chakula na makazi ya vijidudu hivyo, na baadhi ya mishipa huwa imekwisha kuzibwa na unga ule siku ya kwanza. Zamani wagemaji walipambana na vijidudu kwa vidonge vya kemikali ya jamii ya fomalini, wakivitumbukiza ndani ya tundu. Utomvu uliendelea kutiririka, lakini vidonge viliua pia kinga ya mti, uozo ukasambaa ndani ya mashina, na hatimaye vikapigwa marufuku. Makali mazuri na usafi ndivyo vilivyobaki, na vinatosha.

Kuhusu makali, wengi hupinga kwa hesabu ya fedha: biti inayofanya kazi wiki chache kwa mwaka, kwa nini isinolewe nyumbani? Kunoa kwenyewe si kubaya. Tatizo ni kwamba biti nyembamba ina makali mawili yanayopaswa kulingana kabisa, na ukinoa kwa mkono kwenye jiwe la umeme, upande mmoja wa makali ukawa mrefu kuliko mwingine kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, ncha huhama kutoka katikati. Biti ya namna hiyo hukata haraka na hukudanganya kuwa ni nzima, lakini inatoboa tundu pana kuliko kipimo chake na lisilo duara. Mrija haukai, utomvu unavuja pembeni ukichuruzika juu ya gome, na aliye na pampu anavuta hewa badala ya maji. Linganisha gharama: tundu moja la ndoo, katika msimu wa kawaida, hutoa utomvu wa kutosha kiasi cha lita moja ya shira, na bei ya biti nzuri haiko mbali na bei ya lita moja au mbili. Matundu mawili yaliyokwenda vizuri yameshailipa. Mwenye miti mitatu nyuma ya nyumba atakaa na biti moja misimu mingi. Mwenye mamia abadilishe kila makali yanapolegea, wala asingoje ivunjike.

Maranda ndiyo yatakayokuambia kama makali yamelegea. Yatazame kila tundu, yakitoka kwenye mifereji na kudondoka juu ya theluji. Biti kali hutoa vipande vilivyojikunja, vyenye unyevu, rangi ya maziwa yenye kuelekea manjano kidogo, na biti huingia kwa sekunde chache bila kusukumwa kwa nguvu. Ikitoa unga laini mahali pa vipande, ni butu. Ukisikia harufu ya kuungua, au mkono umeanza kuisukuma kwa uzito wa mwili, simama. Na vipande vikitoka rangi ya kahawia, kosa si la biti: umeingia kwenye kovu la zamani au ubao uliokufa. Usiendelee kwa kutumaini kwamba mbele kutakuwa kweupe. Chomoa, na ukumbuke sehemu ile mwaka ujao. Ndiyo maana tundu jipya halitobolewi juu au chini moja kwa moja ya la zamani, ambako alama ya kahawia inapita, bali husogezwa pembeni kwa sentimita kadhaa na kupandishwa au kushushwa ili kuzungusha matundu kwenye shina lote miaka inavyokwenda.

Kina nacho hakihitaji kukisiwa. Zungushia biti mkanda wa rangi kwenye milimita 40 hadi 50 kutoka nchani, ukihesabu pamoja na gome, na mkanda ukigusa gome umefika. Kwa mti mwembamba chukua namba ya chini. Wapo wanaosema tundu refu hukata mishipa mingi zaidi, na ni kweli, lakini mishipa inayopitisha utomvu zaidi iko kwenye tabaka za nje, na kadiri unavyoingia ndani unapata kidogo kwa kovu linalozidi kukua. Rudi kwenye hesabu ya miaka 14 na 20 uone kama nyongeza hiyo inalipa. Biti fupi pia hutikisika kidogo kuliko ndefu, na mtikisiko ndio unaopanua mdomo wa tundu. Simama ukiwa umekaza miguu, elekeza biti moja kwa moja kuelekea katikati ya shina, ikiwa imeinama juu kidogo sana au imelala sawa, kisha ingia mara moja na utoke mara moja huku drili ikiendelea kuzunguka upande uleule. Ukiisimamisha ndani, maranda yatabaki. Ukiingiza na kuchomoa mara tatu nne, tundu litakuwa la umbo la yai. Mwenye keekee ya mkono anaweza kupata tundu zuri vilevile akiwa na subira. Na siku ya baridi kali, ubao ukiwa umeganda, usigeme: hupasuka mrija unapogongwa.

Biti na mrija vinunuliwe pamoja. Mirija midogo huuzwa kwa vipimo viwili vinavyokaribiana, 5/16 na 19/64, na maduka mengine huviita vyote kwa jina moja. Tofauti yao ni milimita 0.4, ambayo kwenye mrija inatosha kuharibu kazi: mrija wa 19/64 ukiuweka kwenye tundu la 5/16 hautashika mpaka uugonge sana, na kuugonga sana ndiko kunakopasua ubao juu na chini ya tundu. Soma kilichoandikwa kwenye mrija wenyewe. Anayemiliki biti ya milimita 8 asihangaike. Inazidi 5/16 kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na ikiwa imenyooka itafaa. Mrija una mteremko, hivyo gonga mara mbili au tatu kwa nyundo nyepesi, na usikilize: mlio ukibadilika kutoka mwepesi kuwa mzito, umekaa.

Biti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe, kisha ipanguse kwa spiriti, na uiache spiriti ikauke kabla ya kutoboa. Isitumike tena kwenye chuma, rangi wala mbao zilizotiwa dawa. Ikianguka kwenye tope, isafishe kabla ya tundu linalofuata, au uwe na ya pili mfukoni. Maranda yaliyobaki mdomoni mwa tundu yatoe kwa kijiti safi. Usipulize kwa mdomo, maana unapeleka ndani vijidudu ulivyokuwa ukivikwepa. Msimu ukiisha, vijani vinapoanza kuchipua na utomvu kubadilika ladha, ng'oa mirija siku hiyohiyo na uache matundu wazi bila kigingi wala nta. Mti una namna yake ya kuyaziba. Biti ipanguse, ipake mafuta ya kula kidogo, na uihifadhi kwenye ala yake mbali na zana nyingine, ili makali yasigongane.